Sifa kwa Mwimbaji, Haki kwa Mtunzi

Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti, maelfu ya watu hukusanyika katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee huko Marekani, kila mmoja ameshika mshumaa, wakapanda kidogo kidogo njia inayoelekea kwenye kaburi la Elvis Presley. Mwimbaji huyo alifariki tarehe 16 Agosti, 1977, akiwa na umri wa miaka 42. Wengi katika wanaomlilia leo hawakuwa wamezaliwa siku alipokufa. Na kila mwaka, mara mishumaa inapozimwa, ugomvi wa siku nyingi baina ya wapenzi wa muziki wa roki huwaka upya.

Wapo wanaomwita Mfalme, wakishikilia kwamba bila ya yeye muziki huo usingelienea duniani. Wapo wanaomwita mwizi, wakishikilia kwamba aliuchukua muziki wa watu weusi, akautia mfukoni, akatajirika, na waliouzaa wakabaki na njaa yao. Mwaka 1989 kundi la vijana weusi wa Marekani lijulikanalo kwa jina la Public Enemy lilimshambulia waziwazi katika wimbo wake mmoja, na tangu hapo maneno hayajaisha.

Huenda msomaji akauliza, ugomvi huo watuhusu nini sisi wa visiwani? Tunasema unatuhusu. Katika mabaraza yetu wapo wazee wanaozikumbuka filamu za Elvis zilipoonyeshwa katika majumba ya sinema ya Mjini, na wapo waliochana nywele kwa kumuiga. Kijana aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwaka 1979 alitunga wimbo kwa kuufuata mtindo wa Elvis, na wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza huko Marekani. Lakini kubwa zaidi ni kwamba suali lililomo ndani ya ugomvi huo ni suali letu pia: kazi ya msanii inapoleta tija, tija hiyo ni ya nani? Kwa hiyo ni vyema tuyapitie maisha ya mtu huyu kwa utulivu, kisha tuipime kauli ya kila upande kwa mizani ya haki.

Elvis Aaron Presley alizaliwa tarehe 8 Januari, 1935, katika mji mdogo wa Tupelo, jimbo la Mississippi, ndani ya nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Walizaliwa mapacha, na pacha mwenzake akatoka hali amekwisha kufa. Baba yake, Vernon, alikuwa kibarua wa kuokota kazi huku na huko. Mwaka 1938 baba huyo alihukumiwa kifungo kwa kosa la kughushi hundi ya dola chache, akapelekwa katika gereza la shamba la Parchman. Mama yake, Gladys, akabaki na mtoto wa miaka mitatu bila ya nyumba ya kukaa, maana ile ya mwanzo walinyang'anywa. Tunayataja haya kwa sababu wanaomchukia Elvis humweleza kana kwamba alizaliwa katika neema. La hasha! Alikuwa mtoto wa fukara, katika jimbo lililokuwa miongoni mwa yaliyo maskini kabisa nchini Marekani.

Hata hivyo, katika jimbo la Mississippi la wakati ule hata ufukara ulikuwa na tabaka zake. Mzungu fukara aliweza kupiga kura, aliweza kukaa mbele katika basi, na aliweza kuingia kwa mlango wa mbele katika duka. Mtu mweusi, awe fukara au mwenye chochote, hakuweza. Sheria ya ubaguzi iligawa skuli, hospitali, mabomba ya maji ya kunywa na hata makaburi. Msomaji asiisahau hali hiyo, maana ndiyo itakayotufafanulia yote yaliyofuata.

Mwaka 1948 jamaa hao walihamia Memphis kutafuta maisha, na baada ya muda wakapata nafasi katika nyumba za umma zilizokodishwa kwa watu wa kipato kidogo. Hapo palikuwa karibu na mtaa wa Beale, mtaa mashuhuri wa watu weusi, uliojaa kumbi za ngoma na wapigaji wa gitaa. Kijana Elvis alizoea kuzurura huko. Alinunua nguo katika duka ambalo wateja wake wakubwa walikuwa wanamuziki weusi. Alisikiliza stesheni ya redio ya WDIA, iliyokuwa ya kwanza nchini humo kuwatumikia wasikilizaji weusi kwa vipindi vyake vyote, na alikwenda kusikiliza nyimbo za dini katika kanisa la watu weusi la mchungaji Herbert Brewster, aliyekuwa mtunzi maarufu. Muziki alioujua aliupata kwa masikio yake, katika mitaa ambayo sheria ya nchi yake ilikuwa haitaki akae pamoja na wenyewe.

Alipomaliza skuli mwaka 1953 akawa dereva wa gari la kampuni ya umeme. Mwaka huohuo alikwenda kwenye studio ndogo ya Sam Phillips, akalipa dola nne kasoro senti mbili, akarekodi santuri moja kwa matumizi yake mwenyewe. Studio hiyo ilikuwa imekwisha kuwarekodi wanamuziki weusi wengi, akiwamo B.B. King kabla hajavuma. Sam Phillips aliupenda muziki wao, lakini aliona kwa macho yake kwamba stesheni nyingi za redio za Wazungu hazikubali kuupiga, na maduka mengi hayakubali kuuweka.

Tarehe 5 Julai, 1954, Elvis aliitwa studio pamoja na mpiga gitaa Scotty Moore na mpiga besi Bill Black. Walijaribu nyimbo kadha wa kadha za taratibu, hazikuleta ladha. Wakati wa mapumziko Elvis akaanza kuuimba kwa mchezo wimbo wa That's All Right, wenzake wakamfuata, na Phillips akawaambia warejee tangu mwanzo ili aurekodi. Siku chache baadaye mtangazaji mmoja wa Memphis aliupiga wimbo huo redioni mara nyingi katika usiku mmoja, kwa jinsi simu za wasikilizaji zilivyomiminika. Kisha akamwita kijana mwenyewe na kumwuliza hewani alisoma skuli gani. Suali hilo lilikuwa na shabaha yake. Wasikilizaji wengi walidhani mwimbaji ni mtu mweusi, na kwa kuwa skuli za mji huo zilikuwa zimetengwa kwa rangi, mara tu alipoitaja skuli yake kila mtu alifahamu kwamba ni Mzungu. Kuanzia usiku ule milango iliyofungwa kwa wengine ikamfungukia yeye.

Sasa tumtazame mwenye wimbo. Aliyeutunga That's All Right ni Arthur Crudup, mtu mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1905, ambaye alikuwa ameurekodi mwaka 1946, miaka minane kabla ya Elvis, kwa kampuni ya RCA Victor. Haki za nyimbo zake zilikuwa mikononi mwa wakala wake, naye Crudup alipata malipo ya kurekodi na vijisenti vichache vya juu yake. Katika miaka ya 1950 alipochoka kuwaimbia watu wanaotajirika kwa jasho lake, aliacha kurekodi, akafanya kazi za vibarua vya mashamba huko Virginia.

Mwezi Novemba 1955 kampuni hiyohiyo ya RCA iliununua mkataba wa Elvis kutoka kwa Sam Phillips kwa dola 35,000, fedha ambazo kwa wakati ule zilikuwa nyingi mno kwa mwimbaji mmoja. Kampuni ni moja na wimbo ni mmoja. Mmoja wa waimbaji wake alinunuliwa kwa maelfu, na mwingine, aliyeutunga wimbo wenyewe, alikuwa akivuna mboga katika shamba la mtu.

Mwaka 1956 ukawa mwaka wa Elvis. Santuri zake ziliuzwa kwa mamilioni. Alipotokea katika televisheni tarehe 9 Septemba mwaka huo inakisiwa kwamba watu milioni 60 walimtazama. Wachungaji na magazeti walimlaani kwa jinsi alivyokitikisa kiuno, na mwezi Januari 1957 wenye televisheni wakaamua kumwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Katika nyimbo zake kubwa za mwaka 1956 mmoja ni Hound Dog. Wimbo huo uliandikwa na vijana wawili wa Kizungu, Jerry Leiber na Mike Stoller, lakini aliyeandikiwa, na aliyeutia uhai kwa mara ya kwanza mwaka 1952, ni Willie Mae Thornton, bibi mweusi mwenye sauti ya kutetemesha ukumbi. Bibi huyo alisema kwamba malipo aliyoyapata kwa santuri hiyo yalikuwa hundi moja ya dola 500.

Kuna na habari ya Otis Blackwell, mtunzi mweusi wa New York, ambaye ndiye aliyetunga Don't Be Cruel na All Shook Up. Santuri za nyimbo hizo ziliandikwa majina mawili ya watunzi, Blackwell na Presley, ingawa Elvis hakuwa mtunzi. Wachapishaji wa muziki wake waliweka sharti kwamba anayetaka wimbo wake uimbwe na Elvis hana budi kutoa sehemu ya haki zake. Blackwell alikubali, kwa hesabu kwamba nusu ya mali nyingi ni bora kuliko kitu kizima kisichouzika. Mwenye shida hachagui mkataba.

Hayo ndiyo mashtaka, na ni mazito. Lakini insafu inatutaka tumsikilize na mshtakiwa. Mwaka 1957 ulienea uvumi kwamba Elvis amewatukana watu weusi. Gazeti la Jet, lililokuwa la watu weusi wenyewe, lilimtuma mwandishi wake kuchunguza. Mwandishi huyo aliufuata uvumi kila ulikotajwa, akamhoji Elvis mwenyewe, akawahoji na watu weusi waliomjua, na hakuona ushahidi wowote. Elvis alikuwa amekwisha kueleza mara zaidi ya moja kwamba muziki huo hakuuanzisha yeye, kwamba watu weusi walikuwa wakiupiga kabla yake, na alimtaja Arthur Crudup kwa jina kuwa ndiye aliyetamani kufikia kiwango chake. Mwezi Disemba 1956 alihudhuria tamasha la hisani la stesheni ya WDIA mjini Memphis, akapiga picha na B.B. King, wakati ambapo Mzungu mwenye jina kufanya hivyo hadharani katika majimbo ya kusini lilikuwa jambo la kuwashangaza watu. Na mwaka 1969 huko Las Vegas, waandishi walipomwita mfalme, alimwonyesha Fats Domino aliyekuwapo hapo, akasema kwamba mfalme wa kweli ni yule.

Wanamuziki weusi wenyewe hawakuwa na kauli moja juu yake. B.B. King alimtetea hadi mwisho wa uhai wake. James Brown alikwenda kumwaga maiti yake. Ray Charles, kwa upande wake, hakuficha kwamba aliona sifa za Elvis zimezidi kipimo. Na yule kiongozi wa Public Enemy, Chuck D, baadaye alifafanua kwamba hakuwa akikidharau kipaji cha Elvis. Kilichomkera ni ile tabia ya kumtukuza yeye peke yake, kana kwamba waliomtangulia hawakuwahi kuishi.

Ipo lawama moja ambayo sisi hatuwezi kumwondolea. Wakati wananchi weusi wa Marekani walipokuwa wakipigwa na kufungwa kwa kudai haki zao, Elvis alinyamaza. Alikwenda jeshini mwaka 1958, akatumikia Ujerumani, akarejea mwaka 1960, kisha akajifungia Hollywood akicheza filamu moja baada ya nyingine, 31 kwa jumla. Tarehe 4 Aprili, 1968, Dk. Martin Luther King aliuawa huko Memphis, mji wa Elvis, alipokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma. Mwaka huohuo Elvis alitayarisha kipindi cha televisheni ambacho meneja wake alitaka kimalizike kwa wimbo wa Krismasi. Kwa mara hiyo alikataa. Kipindi kilimalizika kwa wimbo mpya ulioandikwa kutokana na msiba ule, wenye kutamani dunia ya udugu. Ni kweli kwamba wimbo mmoja haufidii miaka mingi ya kimya, lakini nao uingie katika hesabu.

Tumemtaja meneja, na hapa tunafika kwenye jambo ambalo wagomvi wa pande zote mbili hulipita kwa haraka. Meneja huyo alijiita Kanali Tom Parker na kujifanya Mmarekani, kumbe alizaliwa Breda nchini Uholanzi, na jina lake lilikuwa Andreas van Kuijk. Elvis hakufanya maonyesho nje ya Marekani isipokuwa katika miji mitatu ya Kanada mwaka 1957. Tarehe 14 Januari, 1973, aliimba visiwani Hawaii na onyesho likarushwa kwa setilaiti hadi nchi za mbali, ambazo yeye mwenyewe hakuzikanyaga. Wengi wanaamini kwamba Parker alikataa safari hizo kwa kuwa hakuwa na pasi ya kusafiria.

Parker alikuwa akichukua hadi nusu ya pato la Elvis. Mwezi Machi 1973 RCA ilinunua haki za mrabaha wa nyimbo zote alizokwisha kurekodi kwa dola milioni 5.4. Nusu ya fedha hizo ilikwenda kwa meneja, na katika nusu iliyobaki kodi ikachukua sehemu kubwa. Hivyo santuri alizozirekodi kabla ya hapo, kila zilipouzwa tena, hazikumletea Elvis mrabaha. Akaendelea kuzunguka miji kwa miji akiwa mgonjwa, mwili umevimba, akijitia nguvu kwa dawa nyingi alizoandikiwa na daktari, hadi mauti yalipomkuta nyumbani kwake. Mwaka 1980 mahakama ya mirathi ya Memphis iliteua wakili wa kuyatetea maslahi ya binti yake mdogo. Wakili huyo alipofungua vitabu aliona kwamba meneja alikuwa amejinufaisha kupita kiasi, na mahakama ikaamuru malipo yake yasitishwe.

Kwa hiyo hata Mfalme alinyonywa. Hatusemi kwamba aliyonywa sawa na Crudup, maana mmoja alilala katika jumba la Graceland alilolinunua mwaka 1957 kwa zaidi ya dola 100,000, na mwingine alilala katika kibanda cha vibarua. Tunachosema ni kwamba mkono uliowapunja ulikuwa wa aina moja: mkono wa mtu asiyeimba wala kutunga, mwenye karatasi iliyotiwa saini na msanii asiyefahamu alichotia saini. Ubaguzi wa rangi ndio uliokadiria nani apunjwe zaidi.

Basi hukumu yetu ni ipi? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Elvis alikuwa na kipaji kikubwa, aliwataja waliomfunza, na dola zilizowakosa wenzake hakuzificha yeye chini ya godoro. Lakini alikula matunda ya nchi iliyokuwa ikimfungulia yeye na kuwafungia wengine, na jina lake lilikubali kukaa juu ya kazi za watu. Kumwita mwizi ni kumpa peke yake dhambi ya nchi nzima, na kumwita mfalme asiye na mwenzake ni kuwazika mara ya pili waliokwisha kuzikwa katika ufukara.

Watu wa serikali tungependa walizingatie jambo lifuatalo. Arthur Crudup hakudhulumiwa kwa kukosekana sheria. Marekani ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1790. Katika miaka yake ya mwisho alipatiwa mtu wa kumtetea, na pande zikakubaliana alipwe kiasi cha dola 60,000. Mzee wa watu akasafiri na watoto wake hadi New York kutia saini. Akatia. Wachapishaji wakakataa kutia ya kwao, akarejea Virginia mikono mitupu. Alifariki mwezi Machi 1974, na fedha zilianza kuwafikia warithi wake baada ya yeye kuingia kaburini. Willie Mae Thornton alifariki mwaka 1984 katika nyumba ya kupanga chumba huko Los Angeles, na Jumba la Heshima la muziki wa roki, lililompokea Elvis mwaka 1986, halikumwingiza yeye mpaka mwaka 2024, miaka 40 baada ya kifo chake.

Sisi visiwani tunayo sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003. Ni jambo la kushukuru. Lakini sheria haina miguu ya kwenda kumtafuta mpiga udi kijijini, wala haina kinywa cha kumsomea mtunzi mkataba kabla hajaweka dole gumba lake. Miguu na kinywa hicho ni maofisa. Redio inapopiga wimbo, aandikwe mtunzi wake. Santuri au kanda ya zamani inapotolewa upya, atafutwe mwenyewe, na kama hayupo watafutwe warithi wake. Ofisi inapomwalika mwimbaji kupamba sherehe, bahasha yake isisubiri miezi sita. Tumefundishwa tangu vyuoni, tukiwa wadogo, kwamba kibarua alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Wenye kuwasha mishumaa huko Memphis na waendelee kuwasha, maana kumkumbuka marehemu si vibaya. Tungefurahi kama kila anayepanda njia ile angewasha wa pili kwa ajili ya Arthur Crudup, na wa tatu kwa ajili ya Willie Mae Thornton. Na hapa kwetu, tusingoje mpaka msanii afe ndipo tumwashie mshumaa. Tumlipe angali hai.